Tauni haijaondoka, imesogezwa mbali

Ndugu msikilizaji, ukimwuliza kijana wa sekondari tauni ni ugonjwa gani, atakujibu upesi kwamba ni ule uliowamaliza Wazungu zamani. Hakosei. Kati ya mwaka 1346 na 1353 tauni iliipitia Ulaya kuanzia bandari za kusini hadi nchi za baridi kabisa, na wanahistoria wanakisia kwamba iliondoka na theluthi moja ya watu wa bara lile. Wengine wanasema nusu. Tumesoma hayo shuleni, tumeyafanyia mtihani, tumefaulu.

Kitabu chetu hakikuwa na habari za Lushoto. Tauni ilizuka katika wilaya hiyo mwaka 1980, na tangu mwaka huo hadi 2011 Tanzania iliandikisha wagonjwa 8,490, na kati yao 675 walifariki. Walio wengi mno walikuwa watu wa wilaya ile moja, katika milima ya Usambara, sehemu za Shume, Mlalo na Mtae. Kuanzia mwaka 2007 ikajitokeza tena Mbulu. Kwa maneno mengine, wakati mimi na wa rika langu tulipokuwa tunakariri darasani tauni ya Ulaya ya karne ya 14, watoto wa rika letu hilo hilo, mkoani Tanga, walikuwa wanazikwa kwa tauni ya karne ya 20. Mwalimu hakutuambia, na sidhani kama mwenyewe alikuwa anajua.

Basi wiki hii nataka tuulizane jambo moja. Ugonjwa huu uliondokaje kule, na kwa nini haukuondoka huku?

Kwanza tuufahamu wenyewe. Tauni ni ugonjwa wa panya kabla ya kuwa ugonjwa wa binadamu. Kijidudu chake, ambacho wataalamu hukiita Yersinia pestis, huishi ndani ya panya na wanyama wengine wadogo wa jamii yao. Kiroboto humnyonya panya mgonjwa. Vijidudu huzaliana ndani ya kiroboto mpaka vinaziba njia yake ya chakula, na kiroboto huyo mwenye njaa isiyoshibika huuma, na kuuma tena, na kila anapouma hutapika vijidudu kwenye jeraha. Panya wakifa kwa wingi viroboto hukosa wa kumnyonya, ndipo wanapomgeukia mtu aliyelala karibu. Siku chache baadaye huja homa kali, kichwa kuuma, na mitoki yenye maumivu makubwa kinenani, kwapani au shingoni. Hiyo ndiyo tauni ya mitoki. Isipotibiwa huua watu kati ya 30 na 60 katika kila wagonjwa 100. Vijidudu vikifika mapafuni jambo huwa baya zaidi, maana hapo ugonjwa hauhitaji tena panya wala kiroboto, kikohozi kinatosha. Asiyetibiwa tauni ya mapafu karibu hakika atakufa, na hachukui siku nyingi.

Lakini tauni hii hii ni miongoni mwa magonjwa yanayotibika vizuri sana. Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa imekwisha thibitika kwamba inaiponya. Gentamaisini inafaa. Doksisaiklini inafaa, na hiyo ni dawa ya kawaida kabisa, hutolewa kwa magonjwa chungu nzima. Sharti ni moja tu, nalo ni wakati. Mgonjwa aipate mapema, hasa katika saa 24 za kwanza tangu dalili zionekane. Naomba msikilizaji uishike hesabu hiyo ya saa 24, kwa sababu mambo yote nitakayosema yanaizunguka.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye tauni ambayo vitabu vya shule huipita haraka, ingawa ndiyo iliyoyagusa maisha yetu. Mwaka 1894 tauni iliyokuwa ikitambaa kusini mwa China iliingia Hong Kong. Huko ndiko daktari Alexandre Yersin, aliyenyimwa nafasi katika hospitali ya wakubwa akafanya kazi yake katika kibanda cha nyasi, alipokiona kijidudu kilichopewa jina lake. Meli za mvuke zikafanya kazi iliyobaki. Mwaka 1896 ikawa Bombay, na katika miaka ipatayo 25 iliyofuata iliua India watu zaidi ya milioni 10. Meli hizo hizo ziliipeleka Madagascar, Afrika Kusini, Australia, Amerika ya Kusini na San Francisco.

Kwetu Afrika Mashariki ilikuwako pia ya bara, ambayo haikungoja meli. Mwaka 1897 Robert Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam akitokea India. Kulikuwa na habari za ugonjwa wa kutisha huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Vipimo vikachukuliwa vikaletwa pwani, Koch akavitazama, na mwaka 1898 akatangaza kwamba ni tauni. Wenyeji hawakuwa wamemngoja. Walikwisha jua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, nyumba hiyo haikaliki, na walihama. Majirani zao Waganda walikuwa na jina la ugonjwa huo, kawumpuli, na walimhesabu kuwa ni mzimu wa kuogopwa. Tazama jambo hilo lilivyo. Mkulima wa Kiziba anajua kwamba panya na kifo cha mtu ni kitu kimoja, na wakati huo huo huko Bombay maofisa wa serikali wanamwaga dawa kwenye mitaro na kuchoma magodoro ya watu. Mfaransa Paul-Louis Simond alithibitisha huko Karachi, mwaka 1898, kwamba kiroboto wa panya ndiye mleta tauni. Wataalamu wenzake walimcheka kwa miaka mingi.

Serikali za kikoloni nazo ziliupiga vita ugonjwa kwa kuwapiga vita watu. Katika mji wa Poona, India, askari waliingia majumbani kwa nguvu, wakawapekua hata wanawake, wakatoa vyombo nje. Hasira ikapanda mpaka mwezi Juni 1897 ofisa aliyesimamia kazi hiyo, W. C. Rand, akapigwa risasi na vijana wa Kihindi, naye akafa. Mwaka 1900 maofisa wa Honolulu walichoma nyumba zenye tauni katika mtaa wa Wachina, upepo ukavuma, mtaa karibu wote ukateketea. Mwaka 1901 Cape Town, tauni ilipoingia bandarini, Waafrika kwa maelfu waliondolewa mjini wakapelekwa kambi ya Uitvlugt, iliyoitwa Ndabeni baadaye. Panya hawakupewa amri ya kuhama. Mwaka 1902 ikawa zamu ya Nairobi, mji uliokuwa na umri wa miaka mitatu tu tangu reli ifike. Tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na dawa iliyoamriwa ilikuwa kiberiti, soko lote likachomwa. Mwaka 1914 ikawa Dakar. Vibanda vya Waafrika vilichomwa, na wenyewe wakatengewa mji wa pembeni ulioitwa Médina.

Katika safari hizo zote alikuwako mtu mmoja ambaye kwa maoni yangu angestahili kujulikana zaidi katika historia ya miji yetu. Ni Profesa William Simpson, Mwingereza, aliyekuwa bwana afya mkuu wa Calcutta. Tauni ilipokwenda naye alikwenda. Alikuwa Cape Town mwaka 1901, Hong Kong mwaka uliofuata, Accra mwaka 1908, na mwaka 1913 akaletwa Afrika Mashariki kukagua Nairobi, Uganda na Zanzibar. Alikuwa mtu wa elimu, na alijua habari za panya kuliko wengi. Lakini ushauri wake ulikuwa na jambo moja lililojirudia, kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mitaa mbalimbali, na katikati uachwe ukanda mtupu. Sababu aliyoitoa ilikuwa ni afya. Fikra hiyo haikuwa yake peke yake na ilienea kuliko ripoti zake. Pale Dar es Salaam, msikilizaji unayekwenda Kariakoo, ule uwanja wa Mnazi Mmoja unaokatiza kati ya Kariakoo na mitaa iliyokuwa ikiitwa Uhindini, ni ukanda wa namna hiyo. Tunapumzika kwenye vivuli vyake, tunafanya mikutano, na wachache wetu wanajua kwamba uliachwa wazi ili watu wasikaribiane.

Linganisha na Glasgow. Tauni iliingia huko mwaka 1900, katika mitaa ya walalahoi waliobanana kama dagaa, ikaua watu 16. Je, mtaa ulichomwa? Haukuchomwa. Wagonjwa walipelekwa hospitali. Waliokaa nao waliwekwa katika nyumba za manispaa wakaangaliwa. Panya wakategwa, nyumba zikafukizwa dawa, na ikaisha. Wakati huo hapakuwa na streptomaisini duniani, wala haingepatikana kwa miaka mingine 40 na zaidi. Kwa hiyo msidanganyike kwamba Ulaya iliponywa tauni na dawa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha ondoka kabla ya dawa kupatikana. Wanahistoria wanabishana juu ya sababu, lakini katika hizo karne za karibu hakuna ubishi juu ya nyumba za matofali na sakafu ngumu, takataka zinazozolewa, ghala la nafaka lililojengwa mbali na kitanda, na halmashauri yenye fedha ya kumlipa mtega panya.

Niliwahi kupanda Lushoto kikazi, miaka michache baada ya tauni kutulia huko. Nyumba nyingi nilizoingia zilikuwa za miti na udongo, na mahindi yalikuwa darini, juu ya jiko, ambako moshi huyafukuza wadudu. Ni utaratibu wenye akili, maana mkulima akiyaweka mahindi yake nje hana uhakika wa kuyakuta, na akiyaweka penye unyevu yataoza. Lakini panya naye ana akili zake. Yakiwa darini, panya yuko darini, na chini yake sakafuni wamelala watoto. Watafiti waliofanya kazi katika milima ile waliona jambo hilo mapema, kwamba kulala chini na kuweka nafaka ndani ni miongoni mwa mambo yaliyoukaribisha ugonjwa, na kwamba wanawake na watoto ndio waliougua zaidi. Mama mmoja wa Mlalo, nilipomwamkia na kumweleza nilichokuja kuuliza, alinitazama kwanza kama anayepima kama nastahili jibu. Kisha akasema, "Mwanangu, ninyi watu wa redio mnakuja wakati watu wamekwisha kufa." Akanionyesha njia waliyopita na machela kuteremsha wagonjwa. Nilipoishuka mwenyewe, mzima, mikono mitupu, na jua limewaka, nilihema. Kuna msimu wa mvua, kuna usiku, kuna mtoto wa miaka sita mwenye mtoki kinenani ambaye hawezi kukanyaga chini. Hapo ndipo zile saa 24 zinapokwisha.

Nani alijua? Mwaka 1994, nikiwa bado mwanafunzi, tauni ilitangazwa duniani kote. Si ya Lushoto. Ilikuwa ya mji wa Surat, India, mji wa viwanda vya nguo na wakata almasi. Ilisemekana ni tauni ya mapafu. Watu kwa mamia ya maelfu waliukimbia mji kwa treni na mabasi, wakiwamo madaktari. Maduka ya dawa yaliishiwa tetrasaiklini. Nchi za Ghuba zilisimamisha ndege za kwenda na kutoka India, viwanja vya ndege vya Ulaya vikawapokea abiria kwa vipimo, na hasara kwa India ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola bilioni moja. Waliokufa hawakufika 100. Nasema hivyo bila kuwabeza marehemu wala kuicheka hofu ya watu wa Surat, maana nani asingekimbia? Ninachosema ni kwamba mwaka ule Lushoto ilikuwa na tauni tangu mwaka 1980, na hakuna ndege iliyosimamishwa popote. Kutoka Shume hakuna ndege. Ugonjwa wa mahali pasipo na uwanja wa ndege haumtishi mtu aliye na uwanja wa ndege, na ninaamini huo ndio mzani ambao magonjwa ya dunia hii hupimiwa.

Mwaka 2002 ukaja mfano mwingine. Mke na mume kutoka jimbo la New Mexico walikwenda kutembea New York wakaugua wakiwa hotelini. Ilikuwa tauni, waliyoipata nyumbani kwao, maana Marekani nayo inayo. Imo katika wanyama wa mbugani wa majimbo ya magharibi, na kwa wastani Wamarekani saba hivi huugua kila mwaka. Habari zilienea dunia nzima. Mume alikuwa mahututi kwa muda mrefu, akakatwa miguu, lakini waliishi wote wawili. Nawapongeza madaktari wake, na laiti kila mgonjwa angepata nusu ya huduma ile. Mwaka huo huo milima ya Usambara ilikuwa bado inahesabu wagonjwa wake.

Tena Lushoto haikuwa inahesabu tu. Madaktari wa hapo, wakiongozwa na Dk. William Mwengee na kushirikiana na Wamarekani, walifanya jambo ambalo hakuna hospitali kubwa ya Ulaya ingeweza kulifanya, kwa kuwa haikuwa na wagonjwa. Walichukua wagonjwa 65, watu wazima na watoto, wakawapa wengine sindano za gentamaisini na wengine doksisaiklini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika waliopewa gentamaisini, asilimia 94 walipata nafuu, na waliopewa doksisaiklini, asilimia 97. Wataalamu wa nchi tajiri wanapoandika leo mwongozo wa kutibu tauni, utafiti wa Lushoto ni miongoni mwa mambo wanayoyategemea. Wakulima wa mahindi na viazi wa Usambara wamewafundisha.

Kwa nini Wamarekani walivutiwa na Lushoto? Yapo mengi, lakini moja halifichwi. Baada ya mwaka 2001, bahasha zenye kimeta zilipotumwa kwa posta huko kwao, tauni ilikuwa katika orodha ya juu kabisa ya vijidudu vinavyoweza kugeuzwa silaha. Fedha zikamiminika. Mwaka 2012 idara yao ya dawa ilipitisha dawa nyingine, levofloksasini, itumike kwa tauni, na majaribio yaliyotegemewa yalikuwa ya tumbili, kwa maelezo kwamba haiwezekani kupata wagonjwa wa kutosha kufanya majaribio kwa binadamu. Tumbili wenyewe ni wa Kiafrika. Sina ugomvi na dawa hiyo, inafaa. Lakini hebu tulione jambo lilivyokaa. Ugonjwa unaowaua wakulima ulipata fedha siku ulipohofiwa kuwa huenda ukamwua mtu ofisini.

Leo tauni imejikita zaidi katika nchi tatu, yaani Madagascar, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Peru. Shirika la Afya Duniani lilihesabu duniani kote wagonjwa 3,248 kati ya mwaka 2010 na 2015, na vifo 584. Mtu anaweza kusema hiyo ni idadi ndogo, malaria inaua zaidi kwa siku moja. Ni kweli, na mtu huyo namwomba ajibu, vifo 584 vya ugonjwa uliopata dawa tangu enzi za Vita Kuu ya Pili ni vichache kulingana na nini?

Madagascar iliipata tauni kwa meli, mwaka 1898, katika bandari ya Tamatave. Mwaka 1921 ikapanda hadi Antananarivo na haijashuka tena. Katika nyanda za juu huja kila mwaka, kuanzia Septemba hivi hadi Aprili. Huko ndiko, katika Taasisi ya Pasteur, vilipobuniwa vipimo vya haraka, kijiti kinachotoa jibu kwa dakika 15 kando ya kitanda cha mgonjwa, bila umeme wala hadubini. Vilitangazwa mwaka 2003. Kwa hiyo ujuzi upo, na upo kwa Waafrika.

Lakini tazama mwaka 2017. Tarehe 23 Agosti mwanamume mmoja wa miaka 31, akiwa na homa aliyodhani ni malaria, alipanda gari la abiria kutoka Ankazobe kwenda Tamatave kupitia mji mkuu. Alifia njiani. Waliobanana naye kwenye gari waliondoka na ugonjwa wake, na kutoka hapo ukaenea mijini. Ilikuwa tauni ya mapafu. Hadi mwishoni mwa Novemba walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,417, wengi wao wa kushukiwa tu, na vifo 209. Safari hii dunia iliamka. Shirika la Afya Duniani lilitoa dola milioni 1.5 na kupeleka dozi za dawa zipatazo milioni 1.2. Nchi na visiwa tisa viliwekwa katika tahadhari, Tanzania na Kenya zikiwamo, pamoja na Komoro, Shelisheli na Morisi. Ugonjwa ulizimwa kwa miezi mitatu, na waliouzima wanastahili sifa. Lakini wagonjwa wa vijijini wa miaka iliyotangulia, walioumwa na viroboto mmoja mmoja, mbali na barabara ya lami, walikuwa wamekufa kwa ugonjwa ule ule na dozi zile hazikuonekana. Ugonjwa ulipopanda basi ndipo dawa zilipopanda ndege.

Kaskazini mashariki ya Kongo, katika Ituri, ambako wasikilizaji wetu wengi huzungumza Kiswahili hiki hiki, kuna maeneo kama Rethy, Aru na Mahagi ambayo tauni huyarudia kila baada ya muda. Ilirudi Rethy mwaka 2020, wakati masikio yote yalikuwa kwenye korona. Ongeza vita, ongeza watu waliokimbia makwao wakalala kwenye vibanda na chakula cha msaada kikiwa kichwani pao, na utajua kwamba panya hana haja ya kutafuta. Muuguzi wa huko akitaka dawa huwaza kwanza kama njia ina waasi. Saa 24 ni ndoto.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, katika Arua na Zombo, tauni ni ile ile, panya wale wale. Huko walifanya jambo ambalo mimi lilinipendeza kuliko yote niliyosoma. Waliuliza wagonjwa huanza wapi, wakaambiwa wengi huanza kwa mganga wa kienyeji. Hawakuwatukana waganga wala kuwakamata. Waliwakusanya, wakawafundisha dalili za tauni, wakawaomba wamwonapo mtu mwenye homa na mtoki wasimcheleweshe, wampeleke kituo cha afya. Na waganga wakapeleka. Wanakijiji nao wakaombwa watoe habari wakiona panya wanakufa bila sababu, kama walivyojua watu wa Kiziba kabla ya Koch kufungua hadubini yake.

Mwezi Agosti mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya majaribio mengine, ya Madagascar, kwa wagonjwa zaidi ya 200 wa tauni ya mitoki. Sehemu yao walipewa vidonge tu, siprofloksasini kwa siku kumi, na wengine walianza na sindano kisha vidonge. Hali zao zilikuwa karibu sawa. Maana yake ni kwamba huhitaji tena mtu wa kuchoma sindano, wala kitanda, wala kuteremshwa kwa machela kila siku. Vidonge huingia katika mfuko wa shati la mhudumu wa afya wa kijiji. Mwezi mmoja kabla ya hapo, huko Arizona, Marekani, mtu mmoja alikufa kwa tauni ya mapafu, na habari zake zilifika hadi katika chumba chetu cha habari siku ile ile. Za Ituri bado hutufikia kwa barua ya msikilizaji, kama ikifika.